Sweta Hushonwa Uso Juu

Swali la wiki hii limeletwa na mama mmoja wa Mombasa, ambaye bintiye amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Moi na atakuja huku kwetu bara. Mama huyo amemfumia sweta kwa mikono yake. Kifua, mgongo na mikono miwili vilitoka sawasawa, lakini alipoviunga, ubavuni pakatokea tuta mfano wa mshipa, na makwapa yakavuta. Anauliza: kilichoharibika ni ufumaji au ni ushonaji?

Ni ushonaji. Naomba radhi nijibu kwa urefu, kwa kuwa jambo hili linawapata wengi, na chanzo chake ni ujuzi wala si ujinga. Mwanamke wa pwani hujifunza sindano kwa kitambaa. Hugeuza nguo ndani nje, akakutanisha kingo, akapiga bandi, kisha akashona kwa upande wa ndani. Kwa melimeli na poplini hivyo ndivyo. Kwa kitu kilichofumwa, hivyo sivyo. Vipande vya sweta hulazwa mezani ubavu kwa ubavu, uso ukiwa juu, na hushonwa kwa nje, jicho la mshonaji likitazama pale pale litakapotazama jicho la watu.

Wala hili si geni kwetu. Mtazame mwenye kushona mkeka. Macho yake yako kwenye nakshi. Uzi hupita ndani ya kingo za kili mbili zinazokutana, na anapouvuta, nakshi ya ukili huu hupokewa na ya ule, hata usijue shazia ilipopita. Mkeka ulioshonwa hovyo hujulikana kabla ya kutandikwa. Na leso nayo, kwa masimulizi yaliyo mashuhuri, ilianza na mshono: katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vya Kireno vikiwa bado katika jora, wakakata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunga vikawa nguo moja ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaona heri wachape nguo nzima, na mshono ule ukatoweka.

Basi kwa nini tusiuondoe na kwenye sweta? Inawezekana. Ufumaji wa mzunguko, usio na mshono, ni wa kale sana, na una nasaba na Waislamu. Soksi za pamba za buluu na nyeupe zilizopatikana Misri, za zama za utawala wa Kiislamu, zilifumwa kwa kuzunguka tangu ncha ya kidole. Na huko Burgos, Hispania, katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulipatikana mto wa hariri uliofumwa, wenye neno la Kiarabu "baraka" kwa khati ya Kufi. Wataalamu huinasibisha kazi hiyo na mafundi wa Kiislamu. Lakini soksi haibebi uzito. Sweta ya mtu mzima huning'inia mabegani, na isipokuwa na mshono wa kuishikilia hurefuka kila inapofuliwa, hasa ikiwa ya uzi wa akriliki, ambao ndio mwingi madukani. Mshono ni mfupa wa sweta. Tusiuondoe, tuufiche.

Kwa asiyepajua Cheptiret, ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, penye njia panda ya kuelekea Kesses na chuo anachokuja binti yetu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai na wa Agosti, maji ya udhu wa alfajiri huuma vidole, na binti aliyezoea buibui jepesi juu ya dira atajua mara moja kwamba sweta hapa si pambo. Nyuzi hazitupi shida: kiwanda cha Ken-Knit kiko papo hapo mjini Eldoret, na akina mama wengi wa huku wana jozi ya sindano za kufumia nyumbani. Linalotofautisha kazi ya huyu na ya yule ni mshono.

Tuanze kabla ya sindano. Mshono mzuri huanza siku vipande vinapoanza kufumwa. Kila upande ongeza kitanzi kimoja cha ukingoni, ambacho kitamezwa na mshono; asiyefanya hivyo hupoteza nakshi yake ubavuni, kisha akailaumu sindano. Ukipunguza au kuongeza vitanzi, fanya hivyo kitanzi kimoja au viwili ndani ya ukingo, usifanye ukingoni penyewe, ili njia ya mshono ibaki imenyooka. Na hesabu safu. Usipime kwa futi ya fundi, kwa sababu kitu kilichofumwa hunyumbuka na futi itakubali lolote utakalo. Kifua kikiwa na safu 92 mpaka kwapani, mgongo nao uwe na safu 92. Mimi hufunga kipande cha uzi wa rangi nyingine kila baada ya safu 10, kisha wakati wa kushona alama hukutana na alama, na nafsi hutulia.

Vipande vikikamilika, vilowanishe, uvikamue kwa kuvibana ndani ya taulo bila kuvisokota, uvilaze kivulini katika vipimo vyake, ukivishikilia kwa pini mpaka vikauke. Kingo zilizojikunja zitafunguka. Pasi ya moto ni adui wa akriliki: hulegea, ikang'aa, na hairudi tena. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kutaka kuvaa, nami siwalaumu, ila nawaambia kwamba kushona ukingo uliojikunja ni kama kusoma khati iliyolowa maji.

Sindano iwe butu, yenye tundu pana. Sindano kali huchoma uzi katikati na kuupasua, nasi tunataka ipite baina ya nyuzi. Uzi wa kushonea uwe ule ule wa sweta, au mwembamba zaidi wa rangi hiyo hiyo ikiwa wa sweta ni mnene au una vinundu. Urefu wake usizidi sana sentimita 50, kwani uzi mrefu huchakaa kwa kupitishwa mara nyingi.

Sasa lete taa karibu, uitazame kazi yako. Upande wa uso, kila kitanzi kina umbo la saba ya Kiarabu, ٧, na saba hizo zimepangana moja juu ya moja kama mkufu. Shika ukingo, uuvute kidogo kuelekea pembeni. Baina ya mkufu wa kwanza na wa pili utaona vijiuzi vifupi vilivyolala, kimoja juu ya kingine, kama vipago vya ngazi. Vipago hivyo ndivyo siri yote. Anayeshona kwa ndani havioni, basi hushika popote, mara kipago cha kwanza, mara nusu ya kitanzi, na tuta huzaliwa hapo.

Vipande viwili vikiwa vimelala uso juu, anza chini kabisa, kwenye pindo. Pitisha uzi kutoka kipande kimoja kwenda cha pili na kurudi, mfano wa tarakimu 8, ili pindo zikae usawa mmoja. Kisha ingiza sindano chini ya kipago cha kwanza cha upande wa kulia, uitoe. Vuka upande wa kushoto, chukua kipago kinacholingana nacho. Rudi kulia, uingie katika tundu lile lile ulilotokea, uchukue kipago kinachofuata. Ndivyo unavyopanda, kulia na kushoto, hatua kwa hatua. Uzi ukiwa mwembamba unaweza kuchukua vipago viwili kwa mpigo. Ukiwa mnene, kimoja kimoja.

Kwa muda utaona ngazi ya nyuzi iliyo wazi kati ya vipande viwili, na utadhani umepotea. Usiukaze kila unapopitisha. Ukifika kiasi cha sentimita 3 au 4, shika uzi na uuvute polepole kufuata njia ya mshono, si kuelekea kwako. Ngazi hujifunga, kingo mbili hugeukia ndani zenyewe, na mikufu miwili hukaa bega kwa bega kana kwamba ilifumwa siku moja. Nimewaona wasichana wakicheka kwa mshangao mara ya kwanza. Kisha unyooshe mshono kwa urefu wake, uvute kidogo juu na chini, ili uwe na mnyumbuko sawa na wa sweta. Mshono uliokazwa kupita kiasi hukunja ubavu, na siku moja, mtoto akivua sweta kwa pupa, hukatika.

Mabegani hapana vipago, maana huko kingo zilizofungwa ndizo zinazokutana. Hapo pita chini ya miguu miwili ya saba, ndani kidogo ya ukingo uliofungwa, kisha uvuke kwenye saba inayoikabili. Uzi wa hapa usizame wote. Uukaze kiasi ufanane na kitanzi kingine, nao utasimama mahali pa safu moja. Bega ndilo linalobeba sweta nzima, kwa hiyo kwa sweta nzito ni vyema kupitisha uzi mara ya pili kwa upande wa ndani.

Mkono ndio mgumu, na bila shaka ndipo sweta ya mama yetu ilipoanza kuvuta. Juu ya mkono pana vitanzi, na kwenye kwapa la kifua pana safu, navyo havilingani: kitanzi ni kipana kuliko safu ilivyo ndefu. Kwa uzi wa kawaida, vitanzi 3 hukaribia safu 4. Basi ukichukua kimoja kwa kimoja, upande mmoja utabaki na ziada, na ziada hiyo ndiyo mikunjo. Chukua kitanzi kwa kipago mara mbili, na mara ya tatu chukua kitanzi kimoja kwa vipago viwili. Kabla ya kushona, tia pini katikati ya mkono na mwisho wa bega, kisha ncha zote mbili, ugawe tofauti kwa usawa. Mfuatano ufaao ni mabega kwanza, kisha mikono sweta ikiwa bado bapa, na mwisho mshono mmoja mrefu kutoka pindo la chini mpaka kwapani na kutoka kwapani mpaka kiwikoni, hadi kifundo cha mkono.

Kwa anayefuma ili auze, habari hii ni ya riziki. Sokoni sweta ya mkono hushindana na mitumba na ya kiwandani, na mnunuzi wa huku hana haja ya kuambiwa: huigeuza, akapitisha kidole gumba ubavuni, akavuta. Likiwapo tuta au tundu, atataja bei ya mtumba, na majuma mawili ya kazi yatakwenda kwa thamani ya uzi peke yake. Mjane aliye edani, au mama mwenye kitoto kichanga, anaweza kufuma bila kutoka nyumbani kwake na bila cherehani. Mtaji wake ni sindano mbili na uzi. Si haki apoteze nusu ya ujira wake kwa saa mbili za mwisho.

Lipo jingine ambalo wengi hawalitazami. Mshono uzuri wake ni kuwa hauonekani, na pia kuwa unafumuka unapotakiwa. Usitie fundo. Ficha mwisho wa uzi kwa kuupitisha ndani ya kingo za mshono, kwenda na kurudi, kiasi cha sentimita 6 au 7. Na mishono mirefu ya ubavu ishone kwa uzi wa peke yake, si kwa mkia wa uzi uliofumia. Mtoto akikua, utakata kitanzi kimoja cha mshono, uzi utatoka wote, kipande kitabaki kizima, nawe utaongeza upande au utarefusha mkono. Sweta moja iliyoshonwa hivi huwapitia ndugu watatu. Surat An-Nahl imepiga mfano wa mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuwa imara, lakini aliyekusudiwa pale ni mvunja ahadi. Mama anayefumua mshono ili ya mkubwa imfae mdogo hayumo humo.

Kwa mama wa Mombasa, basi: fumua ubavu na mikono, mabega uyaache. Vilaze vipande usiku mmoja, uhesabu safu, uanze upya kwa nje. Ni kazi ya jioni mbili, na binti hajasafiri bado.

Wiki ijayo, inshaallah, tutatazama shingo na vifungo, kwani wengi wameuliza namna ya kuokota vitanzi shingoni ili kichwa cha mtoto kipite bila kilio.