Paa la nyasi halikufanyi rafiki wa mazingira

Wasee, leo nasema tu. Juzi nililala siku mbili kwa loji moja ndani ya Msitu wa Kakamega. Bure. Dili ilikuwa nipige video niwaambie ni "rafiki wa mazingira". Hiyo video sijaposti.

Msitu wenyewe ni noma, sikatai. Ndio kipande cha misitu ya mvua ya Kongo kilichobaki huku kwetu Kenya. Asubuhi mbega wanaruka juu ya kichwa chako, na kijana aliyenitembeza alikuwa anataja ndege kwa sauti tu, kabla hatujamwona.

Sasa cheki. Kando ya kitanda nimewekewa chupa nne za maji za plastiki. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa misitu na mbuga zetu Juni 2020! Jenereta inanguruma mpaka saa nne usiku. Na kila jioni wanawasha moto mkubwa wa kuni, eti wageni wapate picha. Nje ya huo msitu kuna akina mama wanaolipia kibali ndio waokote kuni kavu za kupikia watoto.

Nikamuuliza yule kijana analipwaje. "Bro, mgeni akikuja, nakula. Asipokuja, natulia." Na chumba ni 15,000 kwa usiku.

Najua mtasema bila watalii msitu utakatwa. Ni kweli, msitu unaoleta pesa una watu wa kuutetea. Lakini kama pesa inampita anayeishi kando yake, yeye atautetea kwa nini?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya mazingira. Macho ninayo. Na ukweli ni kwamba sisi wa video ndio tunawauzia huu uongo. Tunapewa kitanda, tunafumba macho. Nimewahi kufanya hivyo, na naomba msamaha.

So kabla hujalipa, uliza maswali matatu. Maji ya kunywa mnaweka kwa chupa gani? Kuni zinatoka wapi? Ni wangapi wa hapa kijijini wana mshahara wa kila mwezi? Wakianza kujikanyaga, peleka pesa zako kwingine. Paa la nyasi hata zizi la mbuzi linalo.

Hao watu wa loji wamenipigia wakiuliza posti iko wapi. Ndiyo hii.