Kabla ya tohara, ulizeni habari za wajomba

Sisi tuliorudi Kigali kutoka uhamishoni tunawajua vizuri mababu wa upande wa baba. Kwa ugonjwa wa hemofilia, elimu hiyo haitusaidii. Damu ya mgonjwa huchelewa kuganda kwa sababu ya hitilafu katika jeni ya protini ya kugandisha damu, ya namba 8 au namba 9. Jeni hiyo imo katika kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama tu. Mama aliyeibeba huenda asioneshe dalili yoyote, lakini kila mwanawe wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua.

Hemofilia ya namba 8 pekee humpata takriban mvulana mmoja kati ya 5,000. Si ugonjwa wa Wazungu tu, kama wengine wanavyodai.

Tatizo letu ni kwamba wajomba walitawanyika: huyu alizikwa Tabora, yule Masaka, mwingine Goma. Aliyekufa kwa kutokwa damu baada ya kung'olewa jino, ilisemwa karogwa, yakaisha. Kwa maoni yangu, kabla mtoto hajatahiriwa, mama aulizwe habari za kaka zake na wajomba zake. Ninyi wafanyabiashara mnaovuka mpaka kila wiki mnaweza kuwauliza bibi na mama wadogo waliobaki huko. Wakijibu hakuna, bado mtoto anayevimba magoti ovyo apimwe damu: karibu theluthi ya wagonjwa hutoka katika familia zisizo na historia hiyo, jeni ikiwa imebadilika upya.