Tembo wetu, mtafiti ombaomba!

Wakubwa wakipanda jukwaani wanajigamba: mwaka 2024 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 2 kutoka nje. Wanapigiwa makofi, wanashuka, wanaingia kwenye mashangingi yao.

Sasa tuwaulize. Kijana wa Sokoine pale Morogoro, anayetaka kufanya shahada ya pili juu ya tembo wanaokula mahindi ya wakulima kandokando ya Mikumi, apate wapi mafuta ya gari, hema na posho ya askari wa kumlinda porini? Bodi ya Mikopo, tangu ianze kazi mwaka 2005, kapu lake kubwa ni la shahada ya kwanza. Huyu anaambiwa atafute mfadhili. Yaani aandike barua Frankfurt na Washington, aeleze kwa Kiingereza kizuri kwa nini mnyama wa kwao achunguzwe na yeye!

Mwalimu alipotoa tamko la wanyamapori pale Arusha mwaka 1961 (si Azimio, msichanganye), aliyaomba mataifa mengine wataalamu na fedha. Alikuwa na haki. Hata Uhuru ulikuwa haujafika. Leo miaka zaidi ya 60 imepita, bakuli ni lile lile.

Hatumwonei wivu marehemu Jane Goodall. Alifika Gombe mwaka 1960 bila shahada hata moja, wafadhili wakamlipia, Cambridge ikampokea, akatoka daktari. Alistahili. Je, msichana wa Kigoma mwenye shahada yake mkononi analipiwa na nani?

Na mfadhili haji mikono mitupu, huja na swali lake. Juni 2022 serikali ilipoweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 kule Loliondo, yenyewe ikidai inalinda ikolojia, Wamaasai wakisema wamekaa na wanyama hao vizazi na vizazi, tulihitaji mezani tafiti za vijana wetu wasiodaiwa fadhila na Wizara wala Mzungu. Waliofika ni polisi.

Hatutaki semina nyingine. Katika kila kiingilio cha getini Serengeti, Ngorongoro na Mikumi, sheria ikate fungu la wanafunzi wa uzamili na uzamivu, vyuo viligawe kwa ushindani, Wizara isiliguse. Waziri aliambie Bunge la bajeti: litakatwa au halikatwi?