Wasomaji wa kuazima: Makala za mtandaoni na mbio za kutafuta macho

Kila anayeandika makala na kuiweka kwenye intaneti hana budi kujiuliza swali moja: ni nani atakayeisoma? Gazeti la karatasi likifika nyumbani, baba akilimaliza hulichukua mama, kisha vijana, na hata kipande kilichofungiwa maandazi aghalabu hupata msomaji wake. Makala ya mtandaoni haina bahati hiyo. Huwekwa pamoja na nyingine zisizohesabika, na msomaji hukutana na kichwa chake tu kwenye kioo cha simu kisichozidi kiganja. Hapo ndipo mwandishi anapoingiwa na tamaa ya kukitwisha kichwa kile kazi isiyokuwa yake.

Tamaa hiyo tunaiona kila siku majumbani mwetu. Mawaidha ya saa nzima hukatwa kipande cha dakika moja, kikabandikwa maneno kwamba sheikh fulani "amelipuka". Msiba wa watu hutangazwa kwa namna ya kitendawili, ili asiyebofya asijue ni nani aliyefariki. Wanaofanya hivyo wana hoja yao, nayo ni kwamba bila ya kuvuta watu hakuna atakayekuja. Tusiipuuze hoja hiyo, bali tuipime, kwani wako watu waliokwisha kuifuata hadi mwisho wa njia.

Mnamo Machi 2012, Eli Pariser na Peter Koechley walianzisha nchini Marekani tovuti iitwayo Upworthy. Nia yao ilikuwa ya kusifiwa: walitaka habari za umaskini, haki na afya zisomwe kwa wingi ule ule wa habari za udaku. Ufundi wao ulikuwa katika vichwa vya habari. Kwa kila habari mhariri alitakiwa kuandika vichwa visivyopungua 25, kisha vichache vikachaguliwa na kuonyeshwa wasomaji tofauti bila wao kujua, na kile kilichobofywa zaidi kikapewa ushindi. Matokeo yake yalikuwa makubwa mno. Ilipofika Novemba 2013, tovuti ile ilikuwa ikipata wageni zaidi ya milioni 80 kwa mwezi, na magazeti makongwe yakaanza kuiga mtindo wake wa kumwachia msomaji sentensi nusu.

Lakini wageni wale walikuwa wakiletwa, kwa sehemu kubwa, na Facebook. Mwezi uliofuata, Desemba 2013, Facebook ikatangaza kubadili hesabu za kompyuta zinazoamua nani aone nini, na katika miezi ya mwanzo ya 2014 idadi ya wageni wa Upworthy ikaporomoka vibaya. Agosti 2014 Facebook ikaeleza kwamba itatazama pia ni muda gani mtu anakaa kwenye makala aliyoifungua, kwa sababu anayerudi haraka ni dalili ya mtu aliyedanganywa na kichwa. Januari 2017 Upworthy ikachukuliwa na kampuni nyingine. Jina lake lingaliko hata leo, ila zile enzi za kuigwa na kila mtu zimepita.

Jambo ambalo halikuzungumzwa sana kwetu ni kwamba kumbukumbu za majaribio yale hazikutupwa. Majaribio 32,487 yaliyofanywa kati ya Januari 2013 na Aprili 2015 yalikabidhiwa kwa wanazuoni, na mwaka 2023 jarida la Nature Human Behaviour likachapisha utafiti uliopitia vichwa vya habari vipatavyo 105,000 kutoka humo. Walichokikuta ni kwamba katika kichwa cha urefu wa kawaida, kila neno baya linaloongezwa, yaani neno la shari, la huzuni au la madhara, huongeza mabofyo kwa asilimia 2.3, na maneno mema huyapunguza.

Asilimia 2.3 ni kidogo, atasema msomaji. Naam, kwa makala moja ni kidogo. Hebu mfikirie mhariri anayefuata hesabu hiyo asubuhi na jioni, mwaka mzima, akichagua kila mara kichwa kilichoshinda. Huyu hakukusudia kuwatia watu majonzi, wala hakuna siku aliyokaa akaamua kuwa mwandishi wa shari. Hesabu ndiyo iliyomkokota hatua kwa hatua, na wale walioanza kwa nia ya kueneza mambo ya kheri ndio waliotuachia ushahidi wa jinsi mtu anavyokokotwa. Sisi tunaona kwamba hilo linawagusa zaidi waandishi wa makala za dini na malezi kuliko waandishi wa udaku, kwa kuwa mwandishi wa udaku hana cha kupoteza.

Tena, kilichohesabiwa ni mabofyo, na kubofya si kusoma. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa walichunguza viungo vya habari vilivyosambazwa katika Twitter, na wakakuta kwamba asilimia 59 ya viungo hivyo havikufunguliwa na mtu hata mmoja. Wasambazaji walisambaza kichwa cha habari. Kila mwenye kundi la familia katika WhatsApp atalifahamu jambo hili bila ya kuelezwa: shangazi ametuma, mjomba ametuma tena kwa kundi la msikitini, na ukiuliza ndani mmeandikwa nini, hakuna mwenye jibu. Basi kichwa kikiwa cha uongo, uongo huo ndio uliosafiri, na makala iliyosahihisha mambo katika aya ya sita imebaki nyuma peke yake.

Kuna upande mwingine wa shauri hili, nao ni wa mlango. Anayeletewa wasomaji na mtandao wa mtu mwingine amewaazima, na mwenye mali anaweza kuwachukua siku yoyote. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za jamaa na marafiki mbele ya zile za vyombo vya habari. Agosti 2023 kampuni hiyo hiyo, ambayo sasa inaitwa Meta, ilianza kuondoa kabisa habari za vyombo vya habari kwa watumiaji wa Canada, baada ya nchi hiyo kupitisha sheria ya kuitaka ilipie habari hizo. Na tangu Mei 2024 Google, ikianzia Marekani, imekuwa ikiweka juu ya majibu yake muhtasari ulioandikwa na akili mnemba, kiasi kwamba mwulizaji anaweza kupata jibu asifike kamwe kwa yule aliyetaabika kuliandika.

Wapo waliotafuta njia ya kuwa na wasomaji wao wenyewe. The Guardian la Uingereza, tangu 2016, limekuwa likiwaomba wasomaji mchango bila ya kufunga kurasa zake. The New York Times lilianza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni Machi 2011, na kufikia mwisho wa 2023 lilikuwa na wateja zaidi ya milioni 10. Hatusemi kwamba wote hao hufuata makala nzito; mchezo wa maneno wa Wordle, ulionunuliwa na gazeti hilo Januari 2022, na mapishi vina sehemu yao. Wala hatusemi mwandishi wa Kiswahili aige magazeti yenye mitaji ya aina hiyo.

Yako yaliyo ndani ya uwezo wetu, na hapa lawama inatufikia sisi wenyewe. Makala nyingi za Kiislamu kwa Kiswahili huwekwa mtandaoni kwa vichwa kama "Tafakuri, sehemu ya nne". Mjane aliyefiwa na mume, anayeandika kwenye Google usiku kuuliza fungu lake la mirathi, hawezi kuiona tafakuri hiyo hata kama jibu lake limo ndani. Kichwa kinachosema "Mjane mwenye watoto anarithi kiasi gani?" hakimdanganyi mtu, na aya ya kwanza ikimwambia kwamba fungu lake ni thumni, kisha aya zinazofuata zikaeleza deni, wasia na warithi wengine, mama huyo atakaa asome hadi mwisho. Kichwa cha namna hiyo huvuta msomaji bila ya chambo.

Vilevile wengi wetu hupiga picha ukurasa wa gazeti na kuituma hivyo hivyo. Picha ya maandishi hula bando, husomeka kwa shida kwenye simu ndogo, haipatikani kwa urahisi na mtu anayetafuta kwa maneno, na mzee asiyeona vizuri hawezi kuyakuza maneno yakabaki safi. Kuyaandika upya maneno yale ni kazi ya saa moja. Kuyapanga maswali ya wasomaji na kuyajibu kila wiki, siku ile ile, ni kazi kubwa zaidi, lakini ndiyo inayomfanya mtu arudi mwenyewe siku ya Ijumaa bila ya kuitwa na Facebook wala Google. Na kwa kuwa makala ikishaingia WhatsApp hunakiliwa na kuachwa uchi, jina la mwandishi na tarehe viandikwe ndani ya aya yenyewe, si juu yake, ili atakayeipokea mkono wa kumi ajue ni nani wa kumuuliza.