TP ya kununua haimfundishi mtoto wetu kazi

Butembo – Wiki iliyopita mama mmoja alinifuata kwenye mlango wa radio. Alihama kutoka Kirumba mwaka wa 2024, wakati vita vya M23 vilifika kusini mwa Lubero, na leo anauza maharagwe kando ya barabara. Kijana wake anasoma usimamizi wa biashara kwenye chuo kikuu kimoja cha hapa mjini.

Aliniuliza: «Mtoto wangu, wewe unazungumza kila siku kwenye radio. Niambie, hii TP ni kitu gani? Kijana ananiomba dola 10 za TP. Mwezi uliopita aliomba dola 5. Na pesa za masomo nimekwisha kulipa.»

Nilimwelezea kwamba TP ni kazi ambayo mwalimu anampa mwanafunzi aifanye mwenyewe nje ya darasa, kisha airudishe ili apewe pointi. Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema: «Kama anaifanya yeye mwenyewe, hizo dola 10 ni za nani?»

Wapenzi wasikilizaji na wasomaji, swali la mama huyu ndilo limenifanya niandike leo.

Sisi wote tunajua pesa hizo zinakwenda wapi. Karibu na kila chuo kuna sekretaria, ile nyumba ndogo yenye ordinatere na mashine ya fotokopi. Kuchapa na kutoa fotokopi ni kazi halali na inalisha familia nyingi. Lakini kwenye baadhi ya nyumba hizo mwanafunzi anafika na swali la mwalimu tu, anaacha pesa, na kesho yake anachukua TP imekamilika. Mara nyingi ni kazi ya zamani iliyohifadhiwa: wanabadilisha jina, promosio na mwaka kwenye ukurasa wa kwanza. Siku hizi wengine hawafiki hata kwenye sekretaria. Wanauliza programu ya akili bandia kwenye telefoni, wanapokea kurasa tano, wanazirudisha bila kuzisoma.

Kwa maoni yangu, huko ni kumwibia mzazi. Katika mpango wa LMD unaofuatwa sasa na vyuo vyetu, mwaka mmoja wa masomo una kredi 60, na licence ya miaka mitatu ina kredi 180. Kredi hizo hazihesabu tu saa ambazo mwalimu anasimama mbele ya ubao. Zinahesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Anayenunua TP analipia masomo mara mbili, na sehemu hiyo ya masomo haipati kabisa.

Hasara inaonekana baadaye. Namfahamu kijana mmoja aliyemaliza masomo ya biashara na kuitika kwenye mtihani wa kazi. Walimpa kalamu, daftari na orodha ya manunuzi na mauzo ya siku tatu, wakamwambia ajaze kitabu cha pesa. Alishindwa. Aliniambia kwa haya: «Mkubwa, TP zote za kontabilite tulikuwa tunamlipa mtu mmoja.»

Lakini nisiwatupie vijana lawama zote. Niliongea na kijana wa yule mama. Walipokimbia, daftari zake zilibaki nyumbani. Wanalala watu saba kwenye vyumba viwili, na usiku taa ni ya telefoni. Alikuwa ameandika TP yake ya kwanza kwa mkono, akaipeleka. Msaidizi wa mwalimu aliikataa: alitaka kazi iliyochapwa, yenye jalada. Kijana alikwenda sekretaria ili wamchapie, na hapo ndipo walimwambia: «Kwa nini ujisumbue? Ongeza kidogo tu, tutakufanyia yote.» Mlango wa udanganyifu ulifunguliwa na jalada.

Ndiyo maana naomba walimu wa vyuo vyetu wafanye mambo matatu. Kwanza, wapokee TP iliyoandikwa kwa mkono, mradi inasomeka. Pili, wamwite mwanafunzi aelezee kazi yake hata kwa dakika tano. Najua watasema wana mamia ya wanafunzi. Basi wawachague wachache kila mara, bila kutangaza majina mbele. Kila mmoja atajitayarisha. Tatu, waache kurudia swali lilelile kila mwaka, maana swali la zamani jibu lake liko tayari kwa muuzaji. Watoe maswali ya hapa kwetu.

Na maswali ya hapa yapo mengi. Chukueni biashara ya yule mama. Tuseme ananunua maharagwe ya franka 60.000, analipa usafiri 5.000 na kodi ya soko 1.000. Anayauza yote kwa 78.000. Faida yake ni 12.000. Lakini kati ya mauzo hayo, jirani amechukua maharagwe ya 8.000 kwa deni. Kwa hiyo mkononi ana 70.000 tu. Alianza na 66.000, sasa pesa mkononi zimeongezeka kwa 4.000, si kwa 12.000. Hizo 8.000 nyingine ziko kwa jirani.

Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo ameelewa somo kubwa la kontabilite. Sasa afungue mpango wa hesabu wa OHADA ambao nchi yetu inaufuata: manunuzi, usafiri na kodi yanaingia kwenye darasa la 6, mauzo kwenye darasa la 7, pesa za mkononi kwenye konti 57, na deni la mteja kwenye konti 41. Kazi hiyo inataka daftari, kalamu na mama anayekubali kuulizwa. Ordinatere si lazima.

Masomo mengine ni vilevile. Anayesoma sheria achukue kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006, kinacholinda mali ya mtu, ajiulize kinamsaidia namna gani aliyeacha nyumba na shamba akikimbia vita. Anayesoma kilimo aulize wakulima namna wanavyohifadhi mbegu. Akili bandia inaweza kumfafanulia neno gumu, lakini haijui bei ambayo yule mama alinunulia maharagwe asubuhi ya leo.

Kwenu wanafunzi: msingoje usiku wa mwisho, maana muuzaji wa TP anaishi kwa usiku huo. Siku mnayopewa kazi, someni swali mara mbili na mwandike kwa maneno yenu mwalimu anataka nini. Azimeni daftari la mwenzenu. Fanyeni sehemu kidogo mchana, kabla giza halijaingia. Mkiwa kikundi, kila mmoja awe na sehemu yake, na siku ya mwisho mfundishane. Pointi 11 kwa 20 ulizozitafuta wewe zitakusaidia kazini kuliko 17 za kununua.

Kwenu wazazi, hata kama hamkusoma: mtoto akiomba pesa za TP, mwambieni akae chini aielezee kwa Kiswahili cha nyumbani. Akishindwa, hajaifanya. Na kama anahitaji pesa za kuchapa peke yake, ulizeni ukurasa mmoja ni bei gani, mhesabu pamoja.

Jumapili nilipita kwa yule mama. Kijana alikuwa ameketi kwenye beseni lililogeuzwa, daftari magotini, akimuuliza nani anadaiwa na tangu lini. Mama alikuwa anataja majina akihesabu kwa vidole. Walipofika jina la sita akashika kichwa: «Kumbe ndiyo maana kila wiki nauza yote na bado nakosa pesa za kununua tena!»

Kijana hakumwomba zile dola 10. TP yake ameiandika kwa mkono, kurasa nne, na ataipeleka wiki hii. Kwako mwalimu utakayeipokea: tafadhali, isome kabla ya kuuliza jalada liko wapi.