Mwacheni Apige Hesabu Yake

Jumamosi iliyopita, sebuleni kwetu, mdogo wangu alishika dadu ya pande 20 akasita. Kabla hajafungua kinywa, jamaa aliyeketi kushoto kwake alikuwa ameshachungulia jedwali kwenye simu. "Weka 4, dogo. Siku zote ni 4." Akatii. Dadu ikatoa 8. Akakosa.

Hasira ile nimekaa nayo wiki nzima. Leo naitoa.

Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la 3.5 la mwaka 2003. Humo kuna kipaji kiitwacho Power Attack. Kabla ya kurusha dadu unajipunguzia shabaha kwa namba uitakayo, ilimradi isizidi kiwango chako cha msingi cha kushambulia. Ukiwa umeshika silaha kwa mikono miwili, madhara ya pigo yanaongezeka mara mbili ya namba hiyo. Unauza uhakika, unanunua nguvu, na bei unaipanga mwenyewe.

Mpiganaji wa mdogo wangu ana shabaha ya 9. Adui, mzuka wa kaburini, ana kinga ya 15. Upanga hutoa dadu mbili za pande 6 na nyongeza ya 6, yaani wastani wa 13. Asipopunguza kitu, hupata mara 15 kati ya 20: wastani wa 9.75 kwa kila zamu. Akipunguza 3 ni 11.4, akipunguza 4 ni 11.55, akipunguza 5 ni 11.5. Jedwali halikusema uongo. Lakini kati ya 3 na 4 tofauti ni 0.15! Kwa punje hiyo mtu ananyang'anywa zamu yake?

Na usiku ule hata punje haikuwapo. Mwongozaji alikuwa ametangaza kwamba mzuka amebakiwa na uhai wa 10. Ukipunguza 1 tu, pigo dogo kabisa ni 2, na 6, na 2: kumi kamili. Nafasi ya kupata ni asilimia 70. Kwa 4 ni asilimia 55, na nguvu yote ya ziada unaimwaga juu ya maiti. Ile 8 ingetosha.

Mdogo wangu, ambaye shuleni aliitwa mzito wa hesabu mpaka akaamini, alikuwa ameinua kidole kimoja. Nilikiona. Nikanyamaza, na hilo ni kosa langu. Zamu iliyofuata mzuka akamgusa, akamnyonya ngazi nzima.

Mtaniambia anachelewesha mchezo. Hata watunzi wenyewe walichoka kusubiri: toleo la 5, la mwaka 2014, lina kipaji cha silaha kubwa ambacho bei yake imeshapangwa, toa 5, ongeza 10. Ni haraka, sikatai. Lakini sisi tulikusanyika Jumamosi nzima tukimbilie wapi?

Wastani haujui nani amebakiwa na uhai kiasi gani. Aliyeshika dadu anajua. Jumamosi hii simu zitalala kifudifudi mezani, na dogo akisita, tutamsubiri.