Kajubi Alifungua Mlango, Kuulinda ni Kazi Yetu

Ndugu wafanyakazi,

Tunapodai nyongeza ya mshahara hutaja unga, sabuni na kodi ya nyumba. Shule huitaja mwisho, kana kwamba ni shauri la waalimu peke yao. Hilo si sawa. Mzazi asiyeweza kusomesha hajalipwa ya kutosha.

Profesa William Senteza Kajubi, aliyefariki mwaka 2012, alifundisha waalimu maisha yake yote, na mara mbili alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Lakini kwetu sisi kazi yake kubwa ni Tume ya elimu aliyoiongoza tangu 1987, nchi ilipokuwa inatoka vitani. Ripoti ya 1989 ilitaka mambo mawili yaende pamoja: watoto wote wapate elimu ya msingi, na elimu hiyo ifundishe kazi za mikono pamoja na kalamu. Serikali iliyakubali mengi katika taarifa yake ya 1992.

Jambo la kwanza lilianza 1997. Karo ilifutwa, kwanza kwa watoto wanne wa kila nyumba. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kama milioni 3 mwaka 1996, walipita milioni 5 kwa mwaka mmoja. Mlango ulifunguka kwa mtoto wa mkata miwa wa Kakira sawa na wa karani wa Mbale.

Jambo la pili limelala. Mtihani wa darasa la saba hupima Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kazi ya mikono haimo. Jinja ni mji wa mitambo tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Je, si aibu mtoto wa Jinja amalize shule ya msingi bila kushika tupa?

Wapo wenzetu wanaosema kazi za mikono ni njama ya kuwaacha watoto wetu vibarua. Hofu hiyo ina sababu, maana wakoloni walifanya hivyo. Lakini Kajubi hakusema jembe badala ya kitabu. Alisema vyote viwili, kwa mtoto wa tajiri na wa maskini.

Tena, sheria ya elimu ya 2008 inakataza karo katika shule hizo, lakini chakula imemwachia mzazi. Mtoto mwenye njaa yumo darasani kwa mwili tu.

Kwa hiyo, kila tawi lifanye haya. Kwanza, wanachama wagombee viti katika kamati za shule. Pili, chakula cha mchana cha watoto kiingizwe katika madai yetu kwa waajiri. Tatu, tuwatake waajiri wafungue karakana zao kwa wanafunzi, wajifunze, wala wasitumiwe kama kazi ya bure.

Tume huandika na serikali hutangaza. Lakini ripoti isiyo na watu wa kuidai huliwa na mchwa. Tuidai!

Umoja ni nguvu.